Misumari Minane ya Ukuta wa Ziwani

Nyumba ile ya sala haina msumari hata mmoja, ila minane. Hiyo minane niliipiga mimi. Nasema mapema ili anayesoma asije akanionea huruma kabla ya wakati wake.

Iko Rusinga, upande unaotazama Mfangano, juu kidogo ya njia ya kuteremkia majini. Aliijenga mume wangu, fundi wa mitumbwi, miaka ileile nchi ilipopata uhuru. Kabla yake tulikuwa tukisalia nyumba ya udongo karibu na ufuo, paa la nyasi, sakafu ya samadi, na tuliipenda hivyohivyo. Halafu zikaja zile mvua. Watu wa ziwani wa umri wangu wakisikia "zile mvua" hawaulizi zipi. Ziwa lilipanda, likala mashamba ya mtama, likala migomba, likaingia nyumba ya sala bila kupiga hodi. Jumapili moja tulifika tukakuta ukuta wa nyuma umelala chini na kambare wawili wanajipindua mahali pa kwaya. Mwinjilisti wetu alisema tuwaache, nao ni viumbe vya Mungu. Ibada ilipokwisha sikuwaona tena, na sikuuliza wameishia sufuria ya nani.

Basi tukawa tunasali uwanjani, jua letu, mvua yetu. Aliyeumia zaidi ni mama yangu mzazi. Alikuwa mjane, mwembamba, mweusi wa kung'aa, na kichwa chake alikipaka samli kila Jumapili mpaka kikameremeta, kisha akafunga kitambaa cheupe juu yake. Kijiji chake kilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwetu nilikoolewa, ng'ambo ya kilima. Wakati wa kuomba ulipofika, wengine waliomba mvua ipungue, wengine waliomba samaki. Mama aliomba kitu kimoja, Jumapili baada ya Jumapili: "Bwana, tupe nyumba. Usinichukue kabla sijakaa ndani yake."

Mume wangu alikuwa akisikiliza maombi hayo akiwa upande wa wanaume, kichwa ameinamisha. Hakuwahi kumwambia mama neno. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Kwetu sisi Wajaluo mwanamume na mama mkwe wake, tunayemwita maro, huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini ampishe mwenzake. Hawali wakionana. Na maro haingii hivi hivi tu nyumba ya mkwe wake. Kwanza lazima njia ifunguliwe: anakuja siku maalumu na wanawake wa kwao, wamejitwika vyakula, anapokelewa, mnyama anachinjwa, pombe inanywewa, watu wanacheka siku nzima. Baada ya hapo anaweza kuja mchana, akaingia, akakaa, akarudi kwake.

Sisi hatukufanya hayo. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa mwalimu, nimetoka chuo, nimeolewa kwa gauni jeupe mbele ya mchungaji, na pombe ilikuwa dhambi. Mume wangu alijaribu. Nakumbuka alikuwa ananoa tezo lake la kuchongea mitumbwi nje ya jiko, hakunitazama usoni.

"Tuwaite tu, mwalimu," alisema. "Pombe tuiondoe. Wanywe chai. Mama yako apate njia."

"Thubutu!" nikamwambia. "Nikawape wanafunzi wangu la kusema? Kwamba mwalimu wao anachinja mbuzi ili mama yake avuke kizingiti?"

Aliendelea kunoa tezo lake. Chai tu! Mbuzi mmoja na sufuria ya chai. Nimeipika chai hiyo kichwani mwangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Wazee wa kanisa walipomwomba ajenge nyumba mpya, ya mbao, mahali pa juu ambapo ziwa halitafika, wengine walinong'ona. Maisha yake yote alikuwa amejenga mitumbwi, atajuaje nyumba? Aliposikia alijibu kwamba nyumba ni chombo kisichokwenda popote, basi hata kazi yake ni nyepesi. Magogo ya mvule yalivutwa majini kutoka bara, yamefungwa nyuma ya mashua. Akayapasua, akayachonga kwa tezo, akayapiga randa. Kuta alizijenga kwa kuunga ubao kwa ubao juu ya mataruma, zile mbavu za ndani zinazoshika chombo. Kila palipounganika alitoboa kwa keekee akapigilia kigingi cha mti mgumu. Nyufa akazikalafati kwa pamba, sawasawa na mtumbwi, ungeweza kuisukuma majini ikaelea. Paa lilikuwa nyasi zilizofungwa kwa kamba, zikashuka chini sana pembeni kuziba mvua.

Msumari hakutaka hata kuusikia. "Msumari unashika kutu," alisema, "na kutu inakula ubao taratibu, wewe umelala." Alikuwa mtu mpole, lakini kwenye jambo la misumari alikuwa kama mchungaji kwenye jambo la pombe.

Sasa, jambo lililotuponza ni hili. Mbao mwaka ule zilikuwa lulu, kila mtu mafuriko yamemchukulia mtumbwi. Ubao ukiuacha uwanjani, asubuhi unaukuta ziwani una mtu juu yake. Kwa hiyo fundi alihamia palepale. Alilala ndani ya kuta zile kiasi cha miezi mitatu, akaweka mafiga matatu kwenye kona, akapika samaki wake, akaota moto wake. Mimi nilifurahi kwamba mbao ziko salama. Hakuna mtu hata mmoja kati yetu, sisi tuliosoma, aliyefikiri zaidi ya hapo.

Siku ya kuifungua, mama alikuja mapema. Amejipaka samli, kitambaa cheupe, rinda lake la Krismasi, na kigoda chake cha miguu mitatu kwapani, kwa sababu mabenchi yalimuumiza mgongo. Watu waliimba, mlango ukafunguliwa, harufu ya mvule mpya ikatupiga usoni. Nilikuwa mbele na kwaya. Nikageuka nimwone mama akiingia, maana siku ile ilikuwa yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Nikamwona amefika kizingitini, amechungulia, amerudi nyuma hatua mbili.

Nikatoka. "Mama, ingia, watu wanangoja."

"Waingie," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi siwezi, nyathina." Ndivyo alivyoniita, mwanangu. "Mkwe wangu amelala humu. Mafiga yake yalikuwa pale."

"Mama! Hii ni nyumba ya Mungu!"

"Mungu halali," alisema kwa upole kabisa. "Aliyelala humu ni mkwe wangu. Moto wake niliuona ukifuka kila asubuhi nikienda shamba. Na njia hamkunifungulia."

Waliokuwa karibu walicheka. Hawakumcheka kwa ubaya, walicheka jinsi alivyojibu. Mimi sikucheka. Masikio yaliniwaka moto. Nilimwacha palepale nikarudi ndani nikaimba kwa hasira, na sauti ya kuimba kwa hasira, niamini, haimfurahishi Mungu wala binadamu.

Mama hakwenda nyumbani. Alizunguka nyumba mpaka ukuta wa upande wa ziwa, ambako hakuna mlango wala njia, akaweka kigoda chake chini ya nyasi za paa, akakaa. Kuanzia siku hiyo pakawa pahali pake. Alifika wimbo wa kwanza ukiwa umeanza, akaondoka kabla wa mwisho haujaisha, ili asikutane na mkwe wake mlangoni. Tulijua yupo kwa sauti. Mbao zilikuwa nzito, alisikia kwa shida, kwa hiyo wimbo wake ulifuata nyuma yetu kwa neno moja au mawili. Sisi tukifika "amina," yeye bado yuko "milele." Mvua ikinyesha kwa upepo wa ziwani ilimpiga magoti yote, naye anaimba tu.

Nilimsema. Mwinjilisti alimsema pia, kwa adabu zaidi yangu. Aliitikia kila kitu na hakubadilisha kitu.

Jioni moja mume wangu alinivuta kigoda cha jikoni akaniambia, "Hebu kaa hapa." Nikakaa. Akachukua ufito, akausimamisha ubavuni mwangu, akautia alama ya kisu usawa wa sikio langu. Nikamuuliza ananipima jeneza? Akacheka, akasema, "Kaa wima, mwalimu, usijikunje." Nilidhani ananitengenezea kiti. Nilivimba kichwa siku mbili nzima, nikaona nimepata mume.

Jumapili iliyofuata nikaona alichokuwa akipima. Kwenye ukuta wa ziwani, katikati ya mataruma mawili, alikuwa ametoboa kidirisha. Ukubwa wake ulikuwa uso wa mtu, si zaidi, kingo zake zimelainishwa mpaka zinateleza. Kilikuwa usawa wa sikio la mtu aliyekaa kwenye kigoda, na mama na mimi tulilingana urefu, mpaka upana wa mabega. Alikuwa amekipanga kwa akili. Ukiwa nje, kupitia kidirisha unaiona mimbari na kwaya, lakini nguzo kubwa inakuziba mabenchi ya wanaume. Maro angesikia neno lote na asionane na mkwe wake hata ukope. Na siku ya zamu yake ya kusoma Biblia, mume wangu hakupanda mimbarani. Alisoma akiwa nyuma ya nguzo ileile, kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi ulio mbali.

Siku hiyo mama aliimba sambamba na sisi. Alimaliza "amina" tulipomaliza. Wanawake wa kwaya waligeuka wakatabasamu, mwinjilisti akafuta macho. Ningekuwa na akili ningemshika fundi mkono mbele ya kanisa zima. Badala yake nilijisikia nimepitwa pembeni. Watu wawili ambao hawakuwahi kuambiana hata habari ya asubuhi walikuwa wamepatana, na mimi, mke wa huyu na mtoto wa huyu, sikuulizwa.

Sifa za nyumba zilienea. Wageni wakaanza kuja kuiona, wengine kwa mashua kutoka Homa Bay, wanashika kuta, wanauliza kweli haina msumari? Mume wangu akiwapo alijificha. Jumapili moja walikuja wanawake wa kanisa kutoka Homa Bay, wamevaa viatu, wana mikoba. Baada ya ibada mmoja wao akaniuliza mbele ya wenzake, kwa sauti ya kunihurumia, "Mwalimu, yule bibi wa nje ametengwa? Alifanya kosa gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema simjui.

Nimeandika neno hilo moja na nimekaa nalo muda mrefu kabla ya kuendelea. Simjui. Mama yangu! Tena alikuwa bado hajafika mbali, ningeweza kuona kitambaa chake kikipanda kilima.

Kesho yake jioni nilikwenda kwake. Alikuwa anapepeta mtama. Sikukaa. Nilimwambia nitakiziba kile kidirisha, aibu imetosha, na akitaka neno la Mungu mlango uko wazi kama kwa watu wengine wote. Nilidhani atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, nimejaza maneno mdomoni njia nzima.

"Haya, nyathina," akasema, akaendelea kupepeta.

Fundi alikataa. Nilimpa nyundo, akaitazama ilivyo mkononi mwangu, asiipokee.

"Nyumba ile haina msumari," akasema.

"Sasa itakuwa nayo."

"Basi upige wewe."

Nikapiga mimi. Nilitwaa ubao mweupe wa sanduku la sabuni, nikanunua misumari dukani, nikaenda siku ya kazi wakati hapana mtu. Kwa ndani mataruma yalinizuia, kwa hiyo niliupigilia kwa nje. Misumari mitano ilipinda, nikailaza ubavu kwa nyundo. Kidole gumba kilipasuka ukucha. Ule ubao ulionekana kwenye ukuta wa mvule kama kiraka kwenye koti la mtu mkubwa, nami nikajiambia ni wa muda tu, Jumapili ataingia, tutautoa.

Jumapili nilimwekea nafasi benchi la mbele. Nilitandika leso yangu mpya, mwanamke mmoja alipotaka kukaa nikamwambia pana mtu. Tuliimba wimbo wa kwanza. Nilitega sikio ukutani, hakuna sauti. Wimbo wa pili, hakuna. Leso ilikaa peke yake mpaka mwisho. Jumapili ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Nikasema basi, amesusa. Amechagua kiburi chake kuliko Mungu wake. Nilisema hivyo kweli, tena kwa sauti, nikiwa ninamenya viazi.

Fundi akafungua mdomo. Nikamnyooshea kisu cha viazi. "Usinitajie mama yangu ndani ya nyumba hii," nikamwambia. "Mpaka aje mwenyewe aombe radhi, jina lake nisilisikie."

Hakulitaja. Siku zake za kusoma aliendelea kusoma nyuma ya nguzo, akielekea ukuta wa ziwani, na sauti aliipandisha zaidi ya mwanzo mpaka watoto waliziba masikio. Niliona ananikomoa. Nilimwambia hivyo, kwamba anasomea ukuta ili anitie aibu. Alisema tu kwamba mbao ni nzito.

Mwaka ukazunguka, mtama ukapandwa, ukapaliliwa, ukavunwa, sikukanyaga kwa mama. Mwendo mfupi, nimesema. Kuku anayetoroka angefika kabla ya jua kali. Nilituma unga mara mbili, akarudisha vikapu vimejaa karanga, nami nikazila karanga nikiwa nimekasirika. Kisha asubuhi moja mtu akaja darasani kuniita, akasema homa imemshika mama vibaya, niende. Niliacha chaki mezani nikakimbia. Nilipofika kilimani nilisikia wanawake wa kwao wamekwisha kuanza kulia.

Ibada ya mazishi ilifanyika uani kwake, kama kawaida yetu. Hakubebwa kupelekwa nyumba ya sala. Aliomba kukaa ndani yake kabla ya kuchukuliwa, na hakukaa hata dakika moja, si akiwa hai wala akiwa maiti. Niliimba pale kaburini, lakini nilichosikia ni nafasi tupu nyuma ya kila neno, mahali ambapo sauti yake ingechelewa.

Baada ya hapo sikuweza kukaa Rusinga. Niliomba uhamisho, tukapata shule Migori. Fundi alifungua karakana, akawa anatengeneza madawati na vitanda. Migori hakuna ziwa. Hakulalamika, ila alipochonga mguu wa meza ulitoka umepinda kidogo kama ubavu wa mtumbwi, na wateja wakapenda hivyo. Kwao kisiwani alikwenda peke yake akiitwa kwenye misiba. Mimi kila mwaka nilikuwa na sababu. Hata Kiswahili hiki ninachoandikia nilikizoea Migori, sokoni na kwenye chumba cha walimu. Kwa Kijaluo nisingeweza kuandika haya. Ndiyo lugha ambayo mama aliniitia nyathina.

Miaka ya sitini ikielekea kuisha, mwalimu mwenzangu wa ufundi, Mkuria mmoja mcheshi aliyependa mbao kuliko watu, alisikia habari ya ile nyumba isiyo na msumari. Hakunipa nafasi ya kupumua. "Mwalimu, ni mume wako amejenga, na wewe hunipeleki? Wewe ni mtu wa namna gani?" Nilikwepa mihula miwili. Mwishoni nikaona nikikataa tena ataanza kuuliza kwa nini. Likizo ikaja, tukapanda basi mpaka Homa Bay, tukachukua mashua kwenda Mbita, tukavuka mlango wa maji mpaka kisiwani. Fundi alisema ana vitanda vya kumaliza.

Mwinjilisti alikuwa bado yuko, amezeeka, amebaki na meno machache, lakini ufunguo alikuwa nao yeye. Alinishika mikono yote miwili asiiachie. Nyumba ilikuwa imekuwa nyeusi zaidi na nzuri zaidi. Yule mwenzangu aliingia akavua kofia, akapapasa kuta, akapiga magoti kutazama viungo, akalala chali sakafuni kutazama paa, mtu mzima na suruali yake ya safari. "Huyu mtu," akasema, "huyu mtu anatengeneza vitanda Migori?" 

Kisha akazunguka nje, nami nikamfuata kwa sababu sikuweza kumzuia. Akafika ukuta wa ziwani.

"Ala! Na hapa ni nani aliharibu?"

"Mimi," nikasema.

Alidhani natania. Akainama kuangalia ile misumari, mitano imelala ubavu, kutu imeshuka chini yake kwa michirizi myekundu, inaula ubao kama fundi alivyosema. Halafu akapitisha kidole katikati ya ubao. Palikuwa na doa. Duara jeusi, linang'aa kidogo, limelainika, kubwa kama sahani ya chai.

"Ni mvua tu," nikasema.

"Hapana, mwalimu. Mvua haifiki juu hapa, ona hili paa lilivyoshuka. Na maji hayafanyi hivi. Hii ni mafuta. Imeingia ndani kabisa ya ubao." Alinusa kidole chake. "Kuna mtu alikuwa analaza kichwa hapa. Si mara moja. Mara nyingi sana, mahali palepale."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia kabla ya mimi kuupiga ubao huu hapa palikuwa na tundu, hakuna kitu cha kulazia kichwa. Nilikuwa nikiyasema hayo maneno na masikio yangu yakiyasikia, na palepale, kabla sijamaliza, nikaweka mkono juu ya lile doa.

Mwinjilisti alikuwa amesimama nyuma yetu na ufunguo wake.

"Alikuja mpaka Jumapili ya mwisho kabla ya homa," akasema. "Alikuja sisi tumeanza, akaondoka hatujatoka. Alikuwa anaweka sikio pale kwenye ubao, kitambaa amekishusha mabegani asikie vizuri. Nilimwuliza mbona siku hizi haimbi. Akaniambia, mwanangu ana hasira, akisikia sauti yangu atakosa kuomba." Alinitazama akashangaa. "Nilidhani unajua. Sote tulidhani unajua."

Yule mwenzangu, maskini, akataka kufanya wema. Akauliza kama kuna nyundo karibu aing'oe misumari, atengeneze pahali pazuri. Nilimkemea kwa sauti mpaka akarudi nyuma. Katika nyumba nzima aliyoiomba kwa Mungu, kitu alichokigusa mama yangu ni ubao ule wa sabuni. Nani aung'oe?

Niliwaomba waende mbele. Nikakaa chini, hapakuwa na kigoda, nikajiinua kwa magoti mpaka kimo kikawa kile cha kigoda, na kichwa changu kikaangukia kwenye lile doa bila kutafuta. Nilikuwa nimepimwa. Ndani mwinjilisti alikuwa anamweleza mgeni jambo, na nilichosikia ni mvumo tu, huwezi kushika neno. Labda neno moja moja mtu akipaza sauti sana. Nikalia pale kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Nikasema nisamehe, mama, nikasema kwa Kijaluo.

Nilifika Migori siku ya pili, mchana. Fundi alikuwa karakanani anapiga randa mguu wa kitanda. Nilisimama mlangoni na kikapu changu, sikumsalimu.

"Ulijua kwamba anakuja," nikasema.

Akasimamisha randa. Hakuuliza nani.

"Nilijua."

"Mwaka mzima! Mbona hukuniambia?"

Alipuliza maranda yaliyokwama kwenye kisu cha randa, akakipangusa kwa kidole gumba.

"Ulisema nisimtaje ndani ya nyumba yako," akasema. "Sikumtaja. Nilipaza sauti tu."